Gauni la Harusi la Malkia Victoria na Wafumaji Waliokimbia Ufaransa

Tarehe 10 Februari 1840, katika Kanisa la Kifalme la Jumba la St James's jijini London, Malkia Victoria, akiwa na umri wa miaka 20, alifunga ndoa na binamu yake Albert wa Saxe-Coburg na Gotha. Alivaa gauni la satini nyeupe iliyofumwa Spitalfields, mtaa wa mafundi ulio mashariki mwa jiji hilo, likiwa limepambwa kwa lesi iliyotengenezwa katika vijiji vya pwani ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Gauni hilo limehifadhiwa hadi leo katika mkusanyiko wa kifalme wa Uingereza, na wengi wanaolitaja hulitaja kwa rangi yake, kwa kuwa gauni jeupe la harusi linalovaliwa makanisani Dar es Salaam au Nairobi limetokana kwa sehemu kubwa na mtindo ulioenea baada ya harusi ile. Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu jambo jingine ambalo naliona kubwa zaidi ya rangi: vazi lililoagizwa kwa makusudi liwe kazi ya mikono ya Waingereza lilikuwa zao la wahamiaji, kwa upande wa aliyelivaa na kwa upande wa waliolifuma vilevile, na agizo lile lililokusudiwa kuwaokoa wafumaji halikuwaokoa.

Ni vyema kuanza na mvaaji, kwa sababu asili yake ndiyo inayoeleza kwa nini alichagua alivyochagua. Mama yake Victoria alikuwa binti wa nyumba ya kitawala ya Coburg huko Ujerumani, mjane mwenye watoto wawili, aliyeolewa mwaka 1818 na Dyuki wa Kent, mmoja wa wana wa Mfalme George III. Mwaka uliofuata alisafirishwa kwa haraka kutoka Ujerumani akiwa mja mzito ili mtoto azaliwe katika ardhi ya Uingereza na haki yake ya kurithi kiti isije ikatiliwa shaka. Dyuki alifariki Januari 1820, binti yake akiwa na umri wa miezi minane tu, na mtoto akalelewa na mama Mjerumani pamoja na Louise Lehzen, mlezi aliyetoka Hanover. Kaka wa mama huyo, Leopold, alikuwa ametangulia kuingia Uingereza kwa njia hiyohiyo ya ndoa mwaka 1816, kabla ya kuwa Mfalme wa Ubelgiji mwaka 1831. Albert naye alikuwa mwana wa kaka mwingine wa mama huyohuyo, kwa hiyo harusi ya 1840 ilikuwa mara ya tatu kwa familia ya Coburg kuoza mtu wake katika nyumba ya kifalme ya Uingereza ndani ya miaka 24.

Waingereza walilijua hilo, na wengi hawakulifurahia. Malkia alipomchumbia Albert mwezi Oktoba 1839 (yeye ndiye aliyeposa, kwa kuwa hakuna mwanamume ambaye angethubutu kumposa malkia anayetawala), magazeti na wabunge walianza kuhesabu gharama za kumkaribisha Mjerumani mwingine. Serikali ilipoomba Albert apewe posho ya pauni 50,000 kwa mwaka, Bunge liliipunguza hadi pauni 30,000 kwa hoja ya Kanali Sibthorp, mbunge aliyejulikana kwa chuki yake dhidi ya wageni. Hata dini ya bwana harusi ilihojiwa, kwa sababu tangazo rasmi la uchumba halikutaja kwamba alikuwa Mprotestanti. Ilibidi sheria maalumu ipitishwe ili apewe uraia.

Katika hali hiyo vazi la bibi harusi lilikuwa jambo la siasa, na Victoria, licha ya ujana wake, alilitambua hilo. Mtindo wa wakati ule uliwaelekeza wanawake wa tabaka la juu kwenye hariri za Lyon huko Ufaransa na lesi za Brussels, mji ambao mjomba wake mwenyewe ndiye aliyekuwa akiutawala. Mabibi harusi wa kifalme waliomtangulia walizoea vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za fedha, kama alivyofanya binti mfalme Charlotte alipoolewa na Leopold mwaka 1816. Victoria aliviacha vyote hivyo. Alichagua satini isiyo na nakshi kutoka Spitalfields na lesi ya Honiton kutoka Devon, akaacha kuvaa joho zito la kitawala, na kazi ya kushona akampa mshonaji wake wa London, Mary Bettans. Nchi iliyokuwa ikinung'unika kuhusu Mjerumani ilionyeshwa malkia aliyevaa kazi ya nyumbani kuanzia kichwani hadi miguuni. Naamini uamuzi huo ulikuwa wa dhati na pia wa busara. Hakuna sababu ya kudhani kwamba jambo haliwezi kuwa vyote viwili kwa pamoja.

Lakini kazi hiyo ya nyumbani ilifikaje nyumbani?

Uingereza haikuwa nchi ya hariri. Viwavi vya hariri havikustawi katika baridi yake, na hariri mbichi ililetwa kutoka Italia, Bengal na China. Ufundi wa kuifuma kwa ubora wa kushindana na Ufaransa uliletwa kwa kiasi kikubwa na Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1598 Mfalme Henri IV aliwapa haki ya kuabudu kwa Amri ya Nantes, na mwezi Oktoba 1685 mjukuu wake, Louis XIV, akaifuta. Makanisa yao yalibomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa, na waumini wa kawaida wakakatazwa kuondoka nchini, hivyo kwamba mwanamume aliyekamatwa akitoroka aliweza kupelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Hata hivyo watu wanaokadiriwa kufikia 200,000 walitoka, na takriban robo yao waliishia Uingereza. Wengi wa waliokuwa na ufundi wa hariri walikusanyika Spitalfields, nje ya kuta za jiji la kale, mahali ambapo kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, masharti ya vyama vya mafundi yalikuwa mepesi zaidi, na tayari kulikuwa na wafumaji wengine.

Nyumba zao zinatambulika hadi leo katika mitaa kama Fournier na Princelet, kwa madirisha marefu yaliyopangwa ghorofa ya juu kabisa. Sababu yake ni ya kazi. Mfumaji wa hariri alihitaji mwanga mwingi kadiri inavyowezekana, kwa hiyo kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kiliwekwa juu, chini ya paa, na familia nzima ikakizunguka: mke au watoto wakikunja nyuzi kwenye vijiti vya mshindio (uzi unaopita kwa upana wa kitambaa), baba akikanyaga na kurusha. Satini ya aina ile aliyoivaa Victoria ndiyo inayodai uangalifu wa hali ya juu. Katika kitambaa cha kawaida uzi wa mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande (uzi wa urefu wa kitambaa) na kuingia chini ya unaofuata, lakini katika satini nyuzi za mtande huachwa zikielea juu ya nyuzi kadhaa za mshindio kabla ya kufungwa, na vifungo hivyo hutawanywa ili jicho lisivione. Mng'ao wa satini unatokana na nyuzi hizo zilizolala zikipokea mwanga bila kukatizwa. Kwa sababu hiyohiyo, uzi mmoja ukikatika, mkono ukitoka jasho, au pigo moja likawa zito kuliko jingine, kosa huonekana upande wa pili wa chumba, na katika kitambaa cheupe kisicho na maua hakuna pa kulificha. Kitambaa kilitoka kwenye kitanda kikiwa na upana wa takriban nusu mita tu, ndiyo maana sketi pana ya gauni kama lile ilibidi iunganishwe kwa vipande vingi.

Kufikia 1840 vizazi vilikuwa vimepita. Wajukuu na vitukuu wa Wahugenoti walikuwa wameoana na Waingereza pamoja na wafumaji waliotoka Ireland, wengi walikuwa wamesahau Kifaransa, na kitovu cha ufumaji kilikuwa kimesogea kuelekea mtaa jirani wa Bethnal Green. Hata hivyo majina ya Kifaransa yalijaa katika vitabu vya ubatizo, na mazoea ya waasisi, kama kufuga ndege waimbao na kupanda maua katika vyungu kando ya kitanda cha mfumi, yalikuwa bado yakiwashangaza wageni waliotembelea mtaa huo. Walichokuwa wamekosa ni riziki.

Sehemu hii ya kisa inahitaji subira ya msomaji, kwa kuwa bila kuielewa agizo la Malkia linaonekana kama hisani tu. Katika miaka ya 1760, hariri ya Ufaransa iliyoingizwa kwa magendo na ujira uliokuwa ukishuka vilisababisha ghasia: wafumaji waliingia usiku katika nyumba za waliokubali malipo duni na kukatakata hariri iliyokuwa kwenye vitanda. Mwezi Desemba 1769 wafumaji wawili, John Doyle na John Valline, mmoja akiwa na jina la Kiayalandi na mwingine jina la Kifaransa, walinyongwa hadharani Bethnal Green, mbele ya watu wao wenyewe. Baada ya damu hiyo ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 1773 iliyowapa mahakimu mamlaka ya kupanga ujira wa ufumaji wa hariri London. Sheria hiyo, pamoja na marufuku ya kuingiza hariri za kigeni, iliwalinda wafumaji kwa nusu karne, ingawa kwa upande mwingine ilifanya matajiri wahamishie kazi Essex, Macclesfield na kwingineko ambako ujira haukupangwa na mtu. Wachumi waliipinga vikali. David Ricardo, mwana wa mfanyabiashara Myahudi aliyehamia London kutoka Amsterdam, alisimama bungeni mwaka 1823 kutaka ifutwe, akiamini kwamba bei ya kazi iachwe iamuliwe na soko. Ilifutwa 1824. Miaka miwili baadaye marufuku ya hariri za kigeni nayo iliondolewa, mahali pake pakawekwa ushuru, na hariri za Lyon zikaingia kwa wingi.

Matokeo yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba mwaka 1837, mwaka uleule Victoria alipokalia kiti, iliundwa tume ya kifalme kuchunguza hali ya wafumaji wa mikono nchini kote, na Spitalfields ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Kwa hiyo Malkia alipoagiza satini yake, alikuwa akiagiza kutoka kwa watu ambao serikali yake mwenyewe ilikuwa ikiandika ripoti juu ya njaa yao.

Lesi ya Devon ilikuwa na shida inayofanana, nami nitaipitia kwa ufupi. Mwaka 1808 na 1809 John Heathcoat alipata hataza za mashine ya kufuma kimia, na mwaka 1816, baada ya kiwanda chake cha Loughborough kuvunjwa na wafanyakazi waliopinga mashine, alihamia Tiverton, Devon kwenyewe, karibu na mlango wa wanawake waliokuwa wakifuma kimia kwa mkono. Waliobaki na kazi walifuma maua na majani peke yake, kwa vijiti juu ya mto mgumu, kisha yakashonewa juu ya kimia cha mashine. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa lesi ya Victoria. Zaidi ya wanawake 200 wa kijiji cha Beer na jirani zake waliifanya chini ya usimamizi wa Jane Bidney, kwa michoro ya William Dyce, na inasemekana michoro hiyo iliharibiwa baadaye ili asipatikane wa kuiga. Mapokeo ya Devon yanasema kwamba ufundi huo nao uliletwa na wakimbizi kutoka Flanders. Wanahistoria wanabishana kuhusu hilo, nami sitalitegemea.

Siku ya harusi ilipita kama ilivyopangwa. Mabinti 12 walibeba mkia wa gauni, Malkia alivaa shada la maua ya mchungwa badala ya taji, na kifuani akabandika bruchi ya yakuti samawi aliyopewa na Albert. Katika shajara yake aliandika juu ya gauni la satini nyeupe na utepe mpana wa lesi ya Honiton. Magazeti yalisifu uzalendo wake, na wasomaji wakajua kwamba kitambaa kilifumwa Spitalfields.

Je, agizo lilisaidia? Hapa sina budi kutenganisha lesi na hariri. Lesi ilinufaika kwa kweli, kwa sababu Victoria hakuiacha. Aliivaa tena katika ubatizo na harusi za watoto wake, binti yake Beatrice alivaa shela hilohilo la lesi la kufunika kichwa mwaka 1885, lesi hiyo inaonekana katika picha rasmi ya miaka 60 ya utawala wake mwaka 1897, na alipofariki mwaka 1901 alizikwa na shela lake la harusi. Uaminifu wa miaka 61 kwa kazi ya vijiji hivyo uliwafanya wanawake wengi wenye uwezo waitake lesi ya Honiton. Hariri haikupata uaminifu wa namna hiyo. Ilipata siku kubwa moja moja. Mojawapo ilikuwa tarehe 12 Mei 1842, Malkia na Albert walipoandaa dansi kubwa katika Kasri la Buckingham kwa nia iliyotangazwa ya kuwapa wafumaji wa Spitalfields kazi, na wageni wakaombwa wavae mavazi ya karne ya 14. Albert alivaa kama Mfalme Edward III, Victoria kama Malkia Philippa wa Hainault. Uteuzi huo unanigusa sana, kwa kuwa Edward III ndiye aliyewakaribisha wafumaji wa Flanders Uingereza katika miaka ya 1330, na Philippa mwenyewe alikuwa mgeni aliyeolewa kutoka ng'ambo. Wana ndoa wa Coburg waliwakumbusha raia wao, kwa lugha ya mavazi, kwamba ufumaji wa Uingereza ulijengwa na wageni walioalikwa. Wapo waliolalamika hata hivyo kwamba kucheza dansi kwa ajili ya wenye njaa ni jambo la aibu.

Kwa maoni yangu kosa halikuwa katika dansi wala katika gauni. Mfumaji anayelipwa kwa kila yadi anahitaji kazi ya Jumatatu hadi Jumamosi, mwaka hadi mwaka, kwa ujira ambao tajiri hawezi kuushusha kesho yake. Sheria ya 1773, pamoja na kasoro zake, ilimpa kitu cha namna hiyo. Agizo la kifalme lilimpa sifa. Mahitaji ya ikulu yenyewe yalikuwa hatari kwake, kwa sababu kila alipofariki mtu wa ukoo wa kifalme watu wote wa ikulu waliingia katika mavazi meusi, hariri za rangi zikakosa wanunuzi, na kulikuwa na nyakati ambapo wafumaji waliomba muda wa maombolezo ufupishwe. Pigo la mwisho lilikuja na mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Ufaransa wa mwaka 1860, ulioruhusu hariri za Kifaransa kuingia bila ushuru. Ufumaji wa Spitalfields haukuinuka tena. Kanisa la Kifaransa lililojengwa mwaka 1743 kwenye kona ya Mtaa wa Fournier na Brick Lane, ambalo mwaka 1819 lilikuwa limekwisha kuwa la Wamethodisti, lilifanywa sinagogi la Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki mwaka 1898, na tangu 1976 ni msikiti wa jamii yenye asili ya Bangladesh, ambao wengi wao nao waliingia mtaa huo kwa kazi ya kushona.

Imebaki familia moja ambayo bila kuitaja kisa hiki hakikamiliki. Augustine Courtauld alitoroka kutoka kisiwa cha Oléron, magharibi mwa Ufaransa, katika miaka ya 1680. Vizazi vilivyomfuata vilikuwa vya wafua fedha wa London, na mmoja wao, Samuel, alimwoa mwaka 1749 Louisa Perina Ogier, binti wa wafumaji wa hariri kutoka Poitou, mwanamke aliyeendesha karakana ya fedha kwa mkono wake mwenyewe baada ya mumewe kufariki mwaka 1765. Mtoto wao George alipelekwa mwaka 1775 kuwa mwanagenzi kwa msokotaji wa hariri Spitalfields, na hivyo damu ya Ogier ikarudi kwenye hariri. Mwana wa George, aliyeitwa Samuel kama babu yake, aliendesha viwanda vya hariri Essex, akaweka mashine za mvuke, akaajiri wanawake na wasichana kwa wingi, na kubobea katika krepu nyeusi, kile kitambaa cha hariri kisicho na mng'ao, chenye mikunjo midogo, ambacho wajane wa Uingereza walitakiwa kukivaa. Albert alifariki tarehe 14 Desemba 1861. Victoria alivaa nyeusi kwa miaka 39 iliyofuata, na wanawake wa tabaka zote wakafuata mfano wake.

Kwa hiyo kati ya wajukuu wa wakimbizi wa 1685, waliotajirika katika zama za Victoria hawakuwa wale wa satini nyeupe. Utajiri ulikwenda kwa familia iliyokuwa na mtaji wa kununua injini, iliyotoka nje ya London mahali ambapo ujira haukulindwa, na iliyouza kitambaa cha msiba ambacho Malkia alikivaa kila siku ya ujane wake, wakati hariri ya harusi aliivaa siku moja. Maelezo ya gauni la 1840 huishia kwenye maneno “satini, Spitalfields”. Yangetenda haki kama yangeongeza kwamba ufundi uliolitengeneza uliingia Uingereza na watu waliokuwa wakiwindwa kwa ajili ya dini yao, na kwamba sheria iliyowalisha vitukuu wao ilikuwa imefutwa miaka 16 kabla ya harusi.